Mdhamini wa Mtalii

Kisenyi, Kampala
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Namwomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani, miguu haijavimba na kifua kimekuachia upumue. Mwilini sina ugonjwa. Lakini moyo wangu hauko mahali pake, na leo sitakuficha kama nilivyokuficha siku zote. Zile barua nyingine nilizituma posta, na posta ya hapa hufungua. Hii imekuja mkononi mwa mtu.

Kaka Yohana, najua ni wewe unayemsomea mama. Simama kwanza. Mpe mgeni maji ya kuoga, kisha funga mlango wa chumba ndipo uendelee. Asisikie hata neno moja.

Mgeni huyo ni Nalongo, ndivyo Waganda wanavyomwita mama aliyezaa mapacha. Mapacha wake walikufa kwa surua wangali wadogo, na mumewe naye alikwisha kufa. Ni mkunga, na ndiye mwenye nyumba ninayopanga hapa Kisenyi. Nilipougua homa ya matumbo ndiye aliyeninywesha uji kwa kijiko siku tisa. Sikukuandikia wakati ule, nisamehe.

Wiki tatu zilizopita mke wa ofisa mmoja wa jeshi aliletwa kwenye zahanati anakofanya kazi Nalongo. Walimleta wamechelewa, damu imekwisha mwilini. Akafa yeye na mtoto wake. Mumewe alisimama mlangoni akamwambia Nalongo, "Wewe mama naua watu yangu wawili. Ngoja mimi namaliza matanga." Kisha akapanda gari lake akarudi kwake Mbuya. Nalongo anasema hata sauti hakupandisha, na hicho ndicho kilichomtia hofu zaidi.

Siku hiyo hiyo alikuja chumbani kwangu, hata viatu hakuvua. Akaniambia, "Mwana wange, wewe ndio najua mambo ya safari. Nitoe hapa."

Mama, unajua kazi yangu ni kuchapa na kujaza fomu za wasafiri. Sikukwambia kwamba Wahindi walipofukuzwa, yule bwana Mgoa aliyeniajiri aliondoka nao, na ofisi akapewa sajini. Tunamwita Afande. Hajui tiketi wala ratiba ya treni. Anakaa kwenye kiti cha yule bwana, bastola iko mezani kando ya simu, na wateja wanazungumza nami wakiiangalia.

Siku hizi kila mtu anataka matembezi. Mwalimu, daktari, karani wa benki, wote ghafla wana hamu ya kwenda Kenya wiki mbili kuona wanyama. Mimi najua, nao wanajua kwamba najua. Naandika "mtalii" na kuendelea. Upande wetu wa Kenya hakuna taabu, pale mpakani Malaba wanakugongea pasi ya mgeni ya siku kumi na nne, basi. Taabu iko kutoka huku. Wanataka barua ya likizo kutoka kwa mwajiri, cheti cha chanjo ya ndui na homa ya manjano, tiketi ya kwenda na kurudi, barua ya hoteli utakamolala. Ikikosekana moja, unaulizwa kwa nini unakimbia. Na mwaka huu wameongeza fomu ya mdhamini. Mtu wa ofisi iliyouza tiketi anatia sahihi kwamba mtalii atarudi kwa tarehe. Afande hatii. Alinisukumia ile ya kwanza akasema, "Weka jina yako hapa. Wewe ndio najua kusoma."

Nikaweka. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mpole. Hakurudi. Siku ya kumi na sita waliingia ofisini wanaume wawili wenye mashati ya maua, makachero wa serikali.

"Mwalimu yako iko wapi?"

"Sijui, bwana. Mimi nilijaza fomu tu."

"Jina ya nani hii hapa chini?"

"Langu."

Mmoja akanizaba kofi, miwani ikaruka chini ya kabati. Mwenzake akasema taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia, "Sasa sikia. Akipotea mwingine, tunachukua wewe badala yake."

Walipoondoka, Afande akachukua pasipoti yangu akaifungia kwenye sefu. Bila pasipoti, Mkenya akikamatwa njiani anaitwa jasusi, na njia za vichakani kule mpakani Busia zimejaa askari. Kwa hiyo siwezi hata kujaribu.

Hayo yote Nalongo hayajui. Alipoiona fomu ya mdhamini aliuliza, "Na hii nani anaweka sahihi?" Nikamwambia ni karatasi ya ofisi tu, haina maana. Nikatia sahihi mbele yake huku nacheka.

Tulifanya mazoezi jikoni kwake, mimi nikiwa ofisa wa uhamiaji.

"Unakwenda Kenya kufanya nini?"

"Kutembea, ssebo."

"Kuona nini?"

"Tembo."

"Hapana, Nalongo! Tembo wako hapa hapa Uganda. Atakuuliza kwa nini usiende kuwaona hapa."

Akafikiri, akasema, "Basi nataka kuona bahali."

"Bahari."

"Ndio, bahali."

Nikaona aseme hivyo hivyo. Nilimnunulia kofia ya ukili pale sokoni Owino, na gauni la maua, maana alitaka kwenda kwa maofisa amevaa nguo nyeusi. Ijumaa nilimsindikiza ofisi ya uhamiaji. Ofisa alimtazama mikono yake, mikono ya kazi ile, akamuuliza, "Mama, umri huu unataka kuogelea?" Nalongo akajibu, "Mimi nataka kutia miguu tu, mwanangu." Yule ofisa akacheka, akagonga muhuri. Tulitembea mpaka kona ya barabara, halafu akakaa chini kwenye ukingo wa duka, akavua kofia. Anaondoka na treni ya Jumanne.

Sasa niseme lililonileta. Mama, barua hii nimeiandika mara mbili. Katika ile ya kwanza niliwaomba mmweleze Nalongo ukweli, ili arudi kabla ya siku ya kumi na nne. Namjua, angerudi. Angevaa kofia yake na kurudi. Niliikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina lako juu yake. Kisha nilimsikia jikoni anapangusa sufuria na kuzipanga kama mtu anayesafiri kweli kwa siku chache, nikaichana. Naona haya kukwambia, lakini nataka ujue kwamba nilifika huko.

Imebaki njia moja ya kunitoa hapa. Mfagizi wetu ni Mkenya pia, kutoka Kakamega. Mwezi uliopita alipata telegramu kwamba baba yake anakufa. Afande alipiga simu posta kuhakikisha ni ya kweli, akafungua sefu, akampa pasipoti yake na siku saba. Ndiyo sababu pekee inayomfungua mkono. Mimi siwezi kuighushi hapa, ni lazima itoke huko nyumbani Mombasa, na lazima ifike kabla siku kumi na nne za Nalongo hazijaisha.

Kaka, Jumatatu ya kwanza baada ya Nalongo kufika, nenda posta asubuhi. Andika: MAMA MAHUTUTI ANAKUITA NJOO UPESI. Usiongeze neno. Mama, najua huko kwetu hatutaji kifo kwa mchezo, na wewe hupendi hata kuulizwa umri wako. Nakuomba uniruhusu. Kama inakuuma, mwite mchungaji akuombee baada ya hapo, lakini telegramu itangulie. Isipofika, sijui la kufanya, mama. Nimefikiri mpaka kichwa kinaniuma, sijui.

Nisalimie shangazi Dorkasi wa mandazi, na mjomba Naftali mpiga kengele, mwambie sauti ya kengele yake huwa naitamani. Shemeji mke wa kaka namwombea ajifungue salama. Nyumbani sasa mnaye mkunga, mtumieni bila kuona haya, atafurahi kuwa na kazi.

Nalongo akiona telegramu inapelekwa na kuuliza kuna nini, mwambieni mama anadeka tu, ana hamu ya kumwona binti yake.

Ni mimi mwanao ninayekungoja uniite,
Priska