Mabakuli Yasiyokuja

Kibokoni, Mombasa
3 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Naahidi leo kukueleza yote, hata yanayoniaibisha. Shangazi Mejumaa yu mzima. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani husomwa na kila mwenye macho.

Ijumaa nilianguka bafuni. Shangazi alinipeleka zahanati, na daktari akasema ni kifafa. Nimeze vidonge asubuhi na jioni. Lakini Mama, kwenye dirisha la mafaili yupo Bi Amatullah, jirani yetu! Wajua mtaa wetu: Bassam alipopasuliwa kidole tumbo, mabakuli tisa ya uji yalifika kabla yeye hajarudi. Kwangu likija hata moja, nitajua siri imetoka. Kisha nani atakubali kuketi nami darasani?

Mwanao,
Zubeida

Lamu
9 Februari 2025

Mwanangu Zubeida,

Marahaba. Nimelia, kisha nikaswali. Kifafa ni maradhi, si pepo wala aibu. Vidonge visikose hata siku moja. Habari za faili lako zalindwa na sheria. Wa zahanati hawezi kuzitembeza mtaani. Amatullah ana maneno mengi akiwa harusini, namjua, lakini usimhukumu kabla hujamwona kazini.

Mamako

Kibokoni
25 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sijaanguka tena, alhamdulillah. Wiki tatu sasa, hata bakuli moja halijaja!

Jana nilikuwa nikishuka ngazi, nikamsikia Bi Rukiya barazani akimwuliza Bi Amatullah, "Yule Zubeida nilimwona kwenu zahanati. Ana nini?"

"Ana mdomo. Muulize mwenyewe."

"Ah! Hata mimi, shoga yako?"

"Hata wewe. Kwani ulipokuja wewe, nilimwambia nani?"

Bi Rukiya akaomba kahawa.

Leo nimempelekea Bi Amatullah mkate wa sinia. "Wa nini huu?" akauliza. "Basi tu," nikasema. "Basi tu nayo huliwa," akacheka, akaupokea. Nilikuwa karibu kulia, Mama, kwa shukrani.

Sasa siri ni yangu, hakuna aliyeninyang'anya. Lakini Ketty huketi nami dawati moja, na nikianguka darasani, yeye ndiye atakayenishika. Nijibu kwa basi la kwanza: nimwambie mwenyewe?

Mwanao,
Zubeida