Kori Nane, Winchi Moja

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Imeganda tena. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili, simu ikaita — jina la Marcel, mchumba wangu, picha yake na kofia ya machimboni. Nikasukuma alama ya kijani. Hakuna. Nikasukuma tena. Kioo kimetulia kama bati! Inaita tu, mimi naitazama. Ikakatika. Baadaye ndipo kikazinduka na kuanza kutii vidole vyangu vyote kwa pamoja: kikafungua kamera, kikapiga picha ya goti langu.

Nikampigia. Hata habari hakusema. Ulikuwa na nani?

Na nani! Hapa Mhunze, chumba cha kupanga, mimi na madaftari. Washenga wake wanakuja kwetu mwisho wa wiki ijayo na bado anauliza na nani.

Nimechoka. Nilirudi kutoka shule nimechoka, na sasa ni uchovu mwingine.

Jumatano, 13 Agosti

Mara mbili leo. Ya kwanza niko darasani, hiyo sawa. Ya pili niko peke yangu, mkono uko juu ya simu, naisubiri kabisa — na bado sikuweza kuipokea.

Marcel anasema simu aliyoninunulia si ya kuganda. Muuzaji wa Runzewe alimsomea boksi: kori nane! Yaani prosesa ina vichwa vinane vya kufanyia kazi. Simu yake ya zamani ilikuwa na vinne na haikuwahi kumwangusha. "Mwalimu wa kompyuta mzima, unanidanganya kwa kompyuta?" Akacheka, lakini hakikuwa kicheko.

Ritha, mwalimu mwenzangu wa chumba cha pili, alisikia kupitia ukutani. "Nyamizi, hivi unaolewa na mtu au na kituo cha polisi?" Nikamwambia aniache. Nilikasirika kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Kwa nini?

Alhamisi, 14 Agosti

Baada ya vipindi nimekaa na simu, nimeichokonoa mipangilio yote. Nayaandika haya ili nijue nimeyaelewa.

Vichwa ni vinane kweli. Boksi halikudanganya. Lakini vyote ni vile vidogo vya bei nafuu, vilivyotengenezwa ili visile chaji. Na kupokea simu si kazi ya kugawana watu wanane. Sehemu kubwa inamwangukia mmoja, wengine wamekaa. Halafu RAM, ile nafasi ya kuweka kazi za papo hapo, ni ndogo. Nikiwa nasoma ujumbe, simu inaitupa nje programu ya kupigia ili ipate nafasi. Marcel akipiga, lazima iende kuichota upya kwenye hifadhi. Na hifadhi yenyewe ndiyo ya polepole kuliko vyote, tena nimeijaza pomoni: picha za kikundi cha ukoo, mahubiri anayonitumia Mama, mitihani ya miaka mitatu. Mlio unatoka upesi kwa sababu mlio ni kitu chepesi. Kioo kinangoja mzigo.

Kwa hiyo si mimi.

Nilipata faraja ya ajabu. Kisha aibu. Kwani nani alisema ni mimi? Yeye tu. Na mimi mwenyewe, kidogo.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada nilimpigia Marcel kabla hajapiga. Yeye ni msimamizi wa duara, shimo la dhahabu nje ya Runzewe, nikaona nimweleze kwa lugha ya kwake. Vijana wako wangapi chini? Wanane, akasema. Na winchi ya kuvuta mawe? Moja. Sasa wote wanane wakigonga mwamba kama wamepagawa, viroba vitafika juu haraka?

Akajibu: "Vitapanga foleni chini."

Basi simu yangu ndiyo hiyo. Wanane wembamba, winchi moja mbovu, na wewe uko juu unapiga kelele mbona mawe hayaji!

Akacheka. Kicheko chake chenyewe, kile cha zamani, mpaka akakohoa. "Wewe mwanamke ungekuwa huku tungeshatajirika." Akanisimulia duara lilivyoingia maji, wanapampu kutwa kucha, mgongo umekufa. Nilimhurumia. Nilimpenda — niandike tu, hakuna anayesoma. Tulikuwa tumeshaagana alipouliza, kwa sauti ileile ya utani:

"Sasa Jumatano ile, winchi ilikuwa na nani?"

Nikacheka. Mimi! Mpaka sasa najiuliza nilicheka nini.

Jumatano, 20 Agosti

Nimefuta kila kitu. Picha, mahubiri (Mama anisamehe), michezo waliyoniwekea wadogo zangu, programu zilizokuja na simu ambazo hakuna aliyeziomba. Nimeiacha tupu kama nyumba ya kuhama. Haijawa simu ya tajiri, lakini inasikia.

Jioni ikaita. Nilipokea mlio wa kwanza haujaisha! Nilijisikia kama mwanafunzi aliyefaulu.

Nikasema haloo, Marcel. Halafu: "Leo umepokea haraka sana. Ulikuwa unasubiri simu ya nani?"

Ijumaa, 22 Agosti

Nyumbani, Songwa. Vumbi, na harufu ya pamba iliyobaki ghalani. Washenga ni kesho. Wanawake wanachambua mchele na kuniita bibi harusi. Nilisaidia. Nilitabasamu panapohitajika.

Jikoni nilimweleza Mama. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, anayekupigia ndiye anayekujali. Baba yako alikwenda machimboni mwaka mzima hata salamu hakutuma." Nikamwambia: Mama, huyu hanipigii kunisalimia. Ananipigia kunikagua.

Akaendelea kusonga ugali. Nikadhani yameisha. Kisha, bila kugeuka: "Kesho baba yako atakuita mbele yao, akuulize kama unawajua wageni hawa. Ukisema ndiyo, wanaanza kuzungumza ng'ombe. Kama una neno, liseme hapo. Ng'ombe wakishaingia zizini, usije kuniambia mimi."

Marcel amepiga mara nne leo. Nimepokea zote. Ya mwisho aliuliza ni sauti ya mwanaume gani inayosikika nyuma. Ni ya Baba.

Jumamosi, 23 Agosti

Wamefika. Mshenga ni mjomba wake, Mzee Ndaki — mpole, ana miwani iliyofungwa uzi. Nimepiga magoti, nimewapa shikamoo, nimerudi ndani kungoja kuitwa. Naandika chumbani kwa Mama, nimekaa juu ya gunia la choroko. Uani wanataniana na Baba, wanamwambia wamepotelewa na mtamba, nyayo zimeingia hapa.

Marcel amebaki Runzewe, ndiyo desturi. Ametuma ujumbe: ukiitwa, washa video, simu uishike mkononi, nione hapo uani kuna nani na nani.

Nimemjibu haiwezekani, simu nzito, itaganda.

Uongo! Tangu niisafishe haijaganda hata mara moja. Ni uongo wangu wa kwanza kwake, na umenitoka laini kabisa, kama wa mtu aliyezoea.

Amejibu maneno mawili: kori nane.

Baba amekohoa kile kikohozi chake cha kuanza shughuli. Vicheko vimekoma. Namsikia anamtuma shangazi.

Simu inaita. Video. Kioo kiko safi, alama ya kijani inachezacheza, nikiigusa tu itafunguka. Shangazi amesimama mlangoni, amejifunga kitenge kipya. Twende mwanangu, wazee wanakungoja. Nimemwambia nakuja, namalizia mstari mmoja. Anaitazama simu, ananitazama mimi.

Inaita bado. Sijaigusa. Kusimama pia sijasimama —