Mwanangu Kaanza Kusema kwa Mchezo wa Watu wa Mapangoni, Mama Mkwe Anataka Niufute

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na kabla sijaeleza shida nikuambie kilichotokea sasa hivi hapa mlangoni, mwanangu amekalia ndala zangu, baba yake ameinama anafunga kamba za viatu aende kazini, jirani akatokea kwenye korido na beseni la maji ya moto, basi mtoto akanyoosha kidole akapiga kelele, "Kwepa, Baba!" na baba yake akakwepa kweli, akajigonga mlangoni, jirani akabaki na beseni lake anacheka, "Heh! Kumbe Kimya ana mdomo!"

Kimya ni jina walilompa wapangaji wenzetu, maana miaka miwili na nusu mtoto hakuwa na neno, wenzake wanaita mama, wanaita maji, wengine hata kutukana wanajua, yeye akitaka kitu anakushika kidole anakupeleka kilipo. Watu wakiniuliza nilikuwa najibu kila mtoto na siku yake, lakini moyoni nilikuwa nakwisha kidogo kidogo kama kipande cha sabuni.

Sasa mshauri usinicheke, kilichomfungua mdomo ni mchezo wa kwenye simu. Mume wangu ni fundi rangi, mwenzake kazini ndiye aliyemwekea, mchezo wa kupigana wa enzi zile za watu wa mapangoni, unacheza peke yako huna mwenzio, una mwanamke mmoja kavaa ngozi, ana rungu na mkuki wa jiwe, anaingizwa kwenye ulingo uliozungushiwa pembe kubwa kubwa, halafu wanamfungulia wanyama wa zamani mmoja mmoja, chui wenye meno kama visu, mijusi warefu kuliko nyumba, akimshinda huyu analetwa mwingine mkubwa zaidi. Mume wangu aliuchoka, mimi ndio ukanishika. Simu hii ninayokuandikia ilikuwa yake, ilipotumbukia kwenye ndoo ya rangi akaniachia mimi, na tangu hapo mchezo hautoi sauti hata ya nzi.

Mimi napiga pasi nguo za watu hapahapa chumbani, nikimaliza fungu moja nakaa chini nacheza kidogo nipumzishe mgongo, na mtoto anapanda mapajani anaangalia. Bila sauti mchezo haunogi, kwa hiyo nikawa nanguruma mwenyewe, chui akija nafanya nggrrr, mjusi akikanyaga nafanya du, du, du, na yule mwanamke tunamwita Shangazi, nampigia kelele, "Kwepa Shangazi! Ruka! Mpige mguu, mguu Shangazi, yuko nyuma yako!" mtoto anacheka mpaka anapaliwa.

Basi siku moja tuko na kifaru mwenye manyoya, huyo katushinda mara nyingi, na mimi nimechoka nimenyamaza nacheza tu, mara nasikia kimkono kinanipiga pajani na sauti inasema, "Kwepa!" Mshauri, niliiachia simu, Shangazi akafa palepale wala sikujali, nilimkumbatia mtoto nikalia juu ya shati la mteja mpaka ikabidi nilipige pasi upya. Tangu hapo maneno yanakuja, ruka, piga, nyuma, mguu, tena, na leo kaunganisha mawili, umesikia mwenyewe.

Shida ni mama mkwe. Alipokuja kutusalimia mara ya mwisho mtoto alimpokea na mwiko mkononi akamwambia, "Piga!" Mama alivua miwani. "Hiki ndicho unachomfundisha mjukuu wangu?" Nikamwambia, mama, ni mchezo tu, na ndio uliomfundisha kusema. Akanijibu, "Mimi nimelea saba, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kusema na mjusi. Ufute."

Jumapili anakuja kukaa nasi, na mume wangu anasema, "Mke wangu, mama ni mama na wewe ni wewe, mimi msinitie katikati, amua kabla hajafika." Mama mkwe simchukii, ndiye aliyenifundisha kumwogesha huyu mtoto nilipokuwa naogopa hata kumshika, sitaki aone namdharau, lakini nikiufuta na mwanangu akarudia ukimya wake nitajisamehe vipi, kidole changu kimeshafika pale pa kufuta nikakirudisha, na mimi shule niliishia njiani, sina wa kumuuliza ila wewe, je nikiufuta, yale maneno aliyokwisha kuyapata yata, ngoja mshauri, mwenye nguo ananiita hapo nje, anasema kuna harufu ya kitu kinaung

JIBU LA MSHAURI

Mama Kimya, ujumbe wako umenifikia hivyohivyo umekatika, nami naliombea dua shati la mtu. Pasi ya moto, simu mkononi, na mtoto anazunguka humo humo chumbani? Hapo nakugombeza kwanza. Pasi ikiwa moto simu ikae mbali, na mtoto mbali zaidi.

Sasa nisikilize. Pole kwa muda wote uliosubiri neno moja. Lakini umekosea mahali, na ni kosa tamu. Unasema mchezo ndio uliomfundisha mwanao. Mchezo upi, mama? Huo uliozama kwenye rangi? Nani aliyenguruma? Nani aliyempigia Shangazi kelele akwepe? Mwanao hajasikia hata neno moja kutoka kwenye simu hiyo. Amekaa mapajani pako akisikia sauti yako, neno lilelile kwa jambo lilelile, tena na tena, kwa kicheko. Siku uliyonyamaza, akaona kuna pengo, akaliziba yeye. Kwa hiyo usiogope. Ukiufuta, kilichomfundisha kinabaki, kwa sababu kiko kooni mwako.

Kufuta si lazima. Mpe Shangazi pambano moja kwa siku, mkiwa wawili, kila kitu ukikisema kwa sauti, kisha simu izimwe. Ila usije ukamwachia mtoto simu peke yake ili umalize fungu la nguo. Siku hiyo mama mkwe wako atakuwa na haki yote. Halafu maneno ya ulingoni hayatoshi. Piga, ruka, mguu: unalea askari wa mapangoni? Ukikunja nguo zilizopoa, mwambie hii kola, hiki kifungo, mkono wa shati uko wapi? Mwache atafute. Akisema nusu neno, wewe lirudie zima, bila kumcheka.

Mama mkwe wako amesema kweli. Saba wake hawakufundishwa na mjusi, na mjukuu wake pia hakufundishwa na mjusi. Mwambie hivyo kwa adabu: "Mama, nilikosea kueleza, ni mimi niliyekuwa nikisema naye." Kisha mpe kazi. Mwanamke aliyelea saba ana ngurumo ambazo hakuna simu iliyowahi kuwa nazo, mfanye kifaru. Na huyo mtoto afundishwe mapema kwamba wanyama wa kwenye simu wanapigwa, bibi anaamkiwa.

Mumeo asijifiche nyuma ya "msinitie katikati". Mtoto wa mama na mume wa mtu, mahali pake ni hapohapo katikati. Amweleze mama yake kabla hajafunga mizigo.

Na hili halina mjadala: wiki hii mpeleke Kimya kliniki wampime masikio, uwaeleze alivyochelewa. Maneno yanakuja, nashukuru pamoja nawe, lakini mtoto aliyekaa kimya kiasi hicho hapimwi kwa matumaini ya mama wala kwa barua ya mshauri. Wewe nenda, hata kama leo ameongea kutwa nzima.

Jumapili mama mkwe akibisha hodi, simu iwe juu ya kabati, na wewe uwe chini sakafuni na mwanao.