Swichi Aliyoificha Kaka Yako

Nyumba yenye geti la buluu,
Nyuma ya duka la fundi saa.
Jumanne, 4 Novemba

Tunaliuza gari, shemeji! Ndiyo, lile lile dogo ambalo mtaa mzima unaliita Kiatu. Nimelitoa neno hili kwanza kwa sababu najijua. Nisingelisema sasa, ningekuzungusha kurasa tatu nikikuuliza habari za mvua mpaka karatasi iishe.

Mpendwa Shemeji,

Haya, sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu zake. Hujambo huko uliko? Mkeo hajambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umekuachia, au bado unaamka umeinama kama mundu? Sisi huku tunapumua, tunakula, tunashukuru. Mguu wangu unanilalamikia asubuhi, lakini huo si wa kuandikiwa barua. Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu nalia tu, kwenye karatasi naweza kufuta.

Kaka yako. Najua umeruka mistari yote hiyo unamtafuta yeye. Yuko. Tangu wiki iliyopita anakaa kitini bila mto wa kumzuia ubavuni. Mkono wa kushoto una nguvu zake zote, wa kulia bado umelala, na mguu wa upande huo umelala nao. Maneno hayajarudi. Anasema "ee" na "aa-aa", basi. Ila kicheko hakikuguswa, shemeji. Ni kile kile cha kutikisa madirisha.

Yule bwana anayemfanyisha mazoezi ya viungo, mpole wa sauti lakini mikono kama koleo, anakuja Jumatatu peke yake. Alinikalisha jikoni akaniambia ukweli: mgonjwa anahitaji mara tatu kwa wiki, na si mwakani, ni sasa, wakati mwili ungali unakumbuka kutembea. Miezi minne imekwisha tangu aanguke bafuni. Nikatazama chumba hadi chumba ni kitu gani tunacho ambacho hakuna anayekitumia. Sikukiona ndani. Nilikiona nje ya geti, kimesimama juu ya magurudumu manne.

Sasa niache nijisifu kidogo, maana aliyekuwa akinisaidia kujisifu hasemi. Binti yako amepandishwa cheo pale ofisi ya bima! Ana meza yake dirishani na kiti kinachozunguka. Yeye ndiye aliyepanga bei ya gari, wala hakukisia kama sisi wazee. Alikusanya matangazo ya magari kumi na moja kama letu, ya mwaka ule ule, akalifuta la ghali kuliko yote na la rahisi kuliko yote, akashika katikati. Kisha akalizunguka gari na kalamu mkononi. Matairi mawili yamekwisha, punguza. Mlango wa nyuma umebonyea, punguza (na aliyeubonyeza ni wewe, hatujasahau). Halijatembea sana kwa umri wake, ongeza. Kila matengenezo yameandikwa kwenye daftari kwa mwandiko wa kaka yako, ongeza. Ikatoka theluthi ya bei ya jipya. Nilimtazama huyo mtoto niliyemzaa mimi, mimi niliyeishia darasa la saba, nikasema moyoni, kweli ile ada haikupotea.

Bei tunayo, basi. Tatizo ni kwamba gari haliwaki, na kosa ni langu. Nitakueleza, ila usinicheke mpaka mwisho.

Unamjua kaka yako na wezi. Alilifungia usukani kufuli. Namba ya gari aliichora kwenye kila kioo. Akaweka taa nyekundu inayometameta siku nzima, ya kudanganyia tu, haijaunganishwa na kitu. Juu ya hayo akafungiwa swichi ya siri: usipoibonyeza, mafuta hayapandi, gari linakohoa linakufa. Ilikuwa chini ya kiti cha dereva, nami nilikuwa naijua.

Siku moja niko saluni, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, mama mmoja akasema magari madogo ndiyo yanayoibwa mchana kweupe. Shemeji, nikavimba! "Letu labda walibebe mgongoni," nikamwambia, kisha nikamweleza na swichi na kiti na mahali pa kupapasa, saluni nzima imenyamaza inasikiliza. Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimeshanitangulia. Kaka yako hakunigombeza. Kesho yake alimwita fundi, swichi ikahamishwa. Nikamwuliza imewekwa wapi. Akasema, "Pazuri." Nilinuna siku mbili, nikasahau. Fundi yule naye amehama, namba yake haipatikani. Ndiyo hayo, mdomo uliponza kichwa.

Mwezi uliopita tulikuwa hospitali, mchana, na wezi wakaja kweli. Walivunja kioo, wakakata kufuli la usukani, wakajaribu kuliwasha. Likawakoholea. Kwa hasira wakaondoka na redio, vioo vya pembeni, na ule mto wa kiti niliofuma mwenyewe. Mto! Mwizi wa gari anataka mto wa nini? Nilisimama barabarani nikawatangazia majirani kwamba gari letu limewashinda wezi. Binti akaingia alisogeze kwenye uwanja wa jirani ambako kuna ukuta. Likakohoa. Akajaribu tena. Majirani wakatazama chini kwa heshima. Tangu siku hiyo tumelifunga cheni kwenye gurudumu, na mimi kila nikisikia kishindo nakimbilia dirishani na mwiko mkononi, kama kwamba mwizi ataogopa mwiko.

Nilimleta fundi umeme wa magari. Alilala ndani kichwa chini miguu juu asubuhi nzima. Alipotoka akasema swichi haioni, labda afumue nyaya zote, na gari lililofumuliwa nyaya hakuna mnunuzi wa kuliamini. Nikamleta dalali. Huyo hata mlango hakufungua. "Mama, gari lisilowaka ni banda la kuku," akasema, akataja bei, na bei yenyewe ilikuwa ya banda la kuku kweli. Nikamwambia, "Basi kalale na kuku wako!" Nikasikia kicheko dirishani. Kaka yako alicheka mpaka machozi. Nilipokwenda kumpangusa nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimeshakwisha.

Binti ndiye aliyegutuka. "Mama, baba anajua iko wapi."

Ni kweli, kwa nini sikumwuliza? Nikapiga magoti mbele ya kiti. Unajua ilipo? "Ee." Kwenye boneti? "Aa-aa." Nyuma? "Aa-aa." Utatuonyesha? Akafumba macho.

Tulimsukuma na kiti chake mpaka garini. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya mlango, akatulia hivyo, kama mtu anayempima mtoto homa. Hakuonyesha kitu. Hapo nilimpandia, nakiri. "Mzee, ni mguu wako huo! Tunauza kiatu upate mguu!" Akageuza uso. Sasa utagombana vipi na mtu asiyeweza kukurudishia hata neno moja? Nilirudi jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili nikamshushia ile picha ya ukutani, mliyopigwa mmeliegemea gari siku lilipofika, wewe na shati lako la mistari. Nilidhani ataonyesha mahali kwenye gari. Kidole chake kilipita taa, kikapita mlango, kikasimama kifuani mwako. Akagonga mara tatu. "Ee. Ee. Ee."

Shemeji, mimi kidole sijafundishwa kukisoma. Nimemwuliza: mdogo wako ndiye uliyemwambia ilipo swichi? "Ee." Unataka apewe yeye gari? "Ee." Unataka awepo likiwaka mara ya mwisho? "Ee." Nikamwuliza, au umemkumbuka tu? Akasema "ee" kwa sauti kuliko zote. Niende na lipi? Wezi wanalitaka na hawaliwezi, sisi ni letu na hatuliwezi, na miezi inakatika. Nimekaa na ufunguo mfukoni kama mtu aliyeshika kijiko na chungu hakipo.

Kama ulimtunzia siri hiyo, nakusifu, maana uliitunza kuliko nilivyoweza mimi mkewe. Lakini usiiandike kwenye barua. Ukiiandika nitaisoma, na nikiisoma, saluni iko pale pale. Njoo nayo kichwani.

Mnunuzi tumempata. Ni mwalimu wa chekechea, mtu wa maneno machache, na bei ya binti yangu hakuipunguza hata kidogo. Alisifu hata daftari la matengenezo! Ana sharti moja tu: alisikie likiwaka kwa masikio yake. Asipolisikia ananunua kwingine, na bwana wa mazoezi atabaki wa Jumatatu.

Dada yenu mkubwa anakuja, kashakata tiketi. Fundi umeme anakuja bila malipo, anasema amekosa usingizi kwa ajili ya swichi hiyo. Nimwambie nini kaka yako akiniuliza kwa macho kama unakuja? Kila geti likilia anageuza shingo.

Msalimie sana mkeo, mwambie kitambaa alichonipa nakivaa siku za wageni tu. Wasalimie wanangu wote wawili, yule mrefu na yule mcheshi, waambie dada yao sasa ana kiti kinachozunguka na wakija atawazungusha. Dada yenu naye anakusalimu. Mungu akunyooshee mgongo na njia, akufikishe ukiwa mzima, na utukute sote watatu bado tunaweza kucheka.

Ni mimi anayekupenda na kukuchosha,
Mke wa kaka yako.

Siku yenyewe nisije nikaisahau: ni Jumamosi tarehe 22, saa nne asubuhi, watu wote watakuwa getini. Kiti cha abiria nimekipangusa, nimekiwekea mto mwingine. Tutamwinua kaka yako tumkalishe kwenye usukani, na pale pembeni yake hataketi mtu mpaka Jumamosi hiyo, tarehe 22.