Viatu Vikavu kwenye Reli

Kisumu,
Jumanne jioni

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, magoti yamepunguza kukuuma, na baridi ya Limuru imekuachia angalau sikio moja. Huku sisi watatu ni wazima wa mwili. Wairimu mdogo, mwenye jina lako, ananyonya, analala, na kukunja uso kama wewe ukitajiwa bei ya mkaa. Ile sweta ya sufu uliyomfumia ni nzuri mno, lakini kwa joto la hapa tukimvika atachemka kama githeri chunguni. Mke wangu Nyambura amemtandikia, anailalia.

Shemeji Wangari, najua ni wewe unayemsomea Mama. Tafadhali usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali ambapo ungependa kuruka.

Mama, nimeshika kalamu kwa sababu naogopa. Kwenye simu ungesikia sauti ikitetemeka, ukakata shauri kabla sijamaliza.

Unakumbuka nilivyokubembeleza uje umshike mjukuu wako. Ulisema tangu ndugu yangu Njoroge afe na lori lake la kabichi kule mteremkoni, hutapanda tena gari la kuvuka Bonde la Ufa, hata kama linakwenda mbinguni. Sikukulaumu. Mimi mwenyewe nikipita Mamboleo nikaona matrela yalivyofuatana, kila dereva akitaka kumpita mwenzake na macho yamemwiva kwa usingizi, moyo hunidunda. Ndipo nikakusifia treni. Nilikwambia inabeba watu wa mabasi mengi kwa mkupuo mmoja, haigombanii abiria, haina wa kushindana naye kwenye kona. Ni ya polepole, ndiyo, lakini mwenda pole hajikwai. Unalala Limuru, unaamka unanusa ziwa.

Tena nikajigamba. Nikasema barabarani hakuna mtu anayetangulia kwa miguu kukagua njia kabla hujapita, lakini kwenye reli yupo, na kutoka Miwani mpaka Kibos mtu huyo ni mwanao. Ulicheka, ukasema, "Basi nitakuja, kama ni wewe uliyenifagilia njia." Ukakubali kupanda ile ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Sasa sikiliza nilivyofagia.

Ijumaa iliyopita mvua ilinyesha kutwa kucha. Jumamosi kulipopambazuka nilitoka na nyundo yangu na bendera zangu, nikaanza kukagua kabla treni ya abiria haijafika. Nilipokaribia Kibos nikakuta mashamba ya pande zote mbili yamejaa maji. Reli ilikuwa juu ya tuta, haijafunikwa, na kwa mbali ilionekana imenyooka. Lakini nyuma kidogo nilikuwa nimeona nyoka wawili wamepanda tutani kukimbia maji, na wewe wanijua mimi na nyoka. Pembeni kuna njia ya magari. Nikasimamisha bodaboda, nikazunguka, nikashukia mbele palipokuwa pakavu. Niliruka kipande kifupi tu, kama kutoka kwetu hadi kanisani. Treni ikaja, nikaipungia bendera ya kijani. Watoto wakanipungia mikono dirishani. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, naye akanipungia.

Haikupita nusu saa, Mama Atieno, anayeuza uji na mandazi kando ya reli, akaja mbio akiniita.

"Wuoi! Bwana Kinuthia, kuja uone! Mchanga yote imeenda!"

Nilimfuata. Mama, pale nilipoparuka, kalavati, ule mfereji wa kupitisha maji chini ya reli, lilikuwa limezibwa na takataka, na maji yamelila tuta kwa chini. Kokoto zilikuwa zimekwenda. Mataruma manne yanayolaliwa na reli yalikuwa yananing'inia kwenye chuma, chini yake hewa tupu. Na treni ilikuwa imeshapita juu yake, na watu wote wale.

Mama Atieno akanitazama kutoka juu hadi chini. "Sasa wewe asubuhi ulipita aje hapa? Mbona viatu yako ni kavu?"

Niliketi chini kwenye matope.

Hakuna mwingine aliyejua, na ningeweza kunyamaza. Nilikwenda kwa msimamizi wetu, Mzee Odhiambo, nikamwambia yote. Akasema, "Kinuthia, bibi yangu angeweza kuwa kwa hiyo treni." Ameandika ripoti, na wakubwa watakata maneno kuhusu kazi yangu mwisho wa mwezi. Mpaka hapo naendelea kutembea. Shimo lilijazwa mawe siku hiyo hiyo, kalavati likazibuliwa, kisha injini tupu ikapitishwa juu yake polepole mara mbili. Mimi nililala kifudifudi kando yake nikiangalia kama chuma kinashuka. Hakikushuka.

Miaka yote hii nimekuwa nikiilaumu barabara kwa kifo cha Njoroge. Sasa usingizi unanipaa nikiwaza kwamba labda kulikuwa na mtu mahali fulani, fundi wa breki tu, aliyeona kazi ndogo akasema itakuwa sawa. Shemeji, nisamehe kwa kulisema hili la mumeo kwa mdomo wako.

Mama, siwezi kukwambia usiogope, maana mimi mwenyewe naogopa. Bado naamini treni ni bora kuliko gari, lakini si kwa sababu ya chuma chake. Ni bora mtu wake akitembea. Ukisema huji, nitakuelewa, na mtoto tutakuletea akikua kidogo.

Nisalimie Baba mdogo Gitau, umwambie mbegu za mtama nitamtumia. Wasalimie watoto wa Njoroge, na akina mama wa kanisa wanaokusindikiza kila mahali ila huku.

Lakini ukija, kaa dirishani. Ukiona moshi wa jiko la Mama Atieno, hapo ndipo mahali penyewe, na mimi nitakuwa nimesimama hapo na bendera ya kijani. Usiniangalie usoni kwanza, Mama. Niangalie viatu.

Mwanao,
Kinuthia