Kanga ya marehemu mama yake

Mwenzangu, nakuandikia nikiwa zamu wodini!

Yule fundi cherehani niliyekwambia, aliyefiwa na mama yake akanyamaza kabisa, leo nimemvua kanga ya marehemu aliyojifunga kiunoni. Sheria ya wodi yetu ya wagonjwa wa akili unaijua: hakuna nguo ya kujifunga, wakubwa wanaogopa mgonjwa atajitia kitanzi.

Kugeuka tu, namwona kapanda dirishani. Dirishani! Ghorofa ya tatu!

Nikapiga ukelele. Shangazi yake akaingia, akaninyang'anya kanga, akamnyooshea: "Shuka mwanangu, mama yako huyu hapa." Kisha akanigeukia: "Kwetu mfiwa hafunguliwi kanga ya marehemu, huifungua mwenyewe akiwa tayari!"

Akashuka. Akajifunga. Akalia, kwa mara ya kwanza.

Sasa shangazi kaenda zake, tumebaki wawili. Nikimwachia kanga, naogopa kitanzi. Nikimvua, naogopa dirisha.

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika pindo la kanga.