Koti la Stesheni Masta

Jumatatu, 7 Februari 1977

Nimefungua studio saa mbili. Nimeosha trei, nimepangusa lenzi, nimepiga brashi koti. Koti la studio ndilo linaloniletea wateja kuliko kamera. Hakuna mwanamume wa Arua aliyepigwa picha hapa bila kulivaa, tangu enzi za marehemu mume wangu. Mwembamba limemmeza, mnene nimelifunga kwa pini mgongoni. Leo wamelivaa wanne.

Dereva wa basi ameleta barua kutoka Pakwach. Ya Sebi, mdogo wangu. Anafanya kazi kwenye reli, ndiye anayevuta wenzo wa kubadilisha njia treni inapoingia. Anasema reli ya pamoja inagawanywa, kila nchi inachukua mabehewa yake, na stesheni masta wao, Bwana Onyango, anarudi kwao Kenya. Kabla hajaondoka anataka picha ya kila mfanyakazi akiwa kazini. Mimi ndiye nitakayepiga.

Nimefurahi. Nimejifanya sikufurahi, dereva asije akanitania.

Alhamisi, 10 Februari

Pakwach. Joto la kukaanga mayai juu ya reli.

Nilimkuta Sebi kwenye wenzo, fulana imetoboka, jasho linamtoka. Nikampiga picha kabla hajaniona. Aligeuka ghafla. Bila shaka imeharibika.

Halafu ikawa vurugu. Hakuna aliyekubali kupigwa picha akiwa na nguo za kazi. Mpaka mafuta, yule anayelainisha magurudumu, ananawa mikono na kutafuta shati. Mtia makaa anajificha. Wananiambia, mama, picha inabaki, watoto watatuonaje? Bwana Onyango akacheka mpaka akakohoa. Akavua koti lake lenye vifungo vya shaba, akavua na kofia, akampa wa kwanza. Watu kumi na mmoja, koti moja, kofia moja. Mmoja anatoka, mwingine anaingia, jasho la mmoja mgongoni mwa mwenzake. Wote wakasimama palepale, mbele ya mlango wa ofisi, bendera mkononi.

Sikuona ajabu. Mimi mwenyewe si ninaishi kwa kuazima watu koti?

Sebi alikuwa wa mwisho. Lilimkaa kama alishonewa.

Jumamosi, 12 Februari

Nimesafisha picha zote. Nzuri. Ile ya wenzo imeharibika kama nilivyodhani, uso umetikisika, hauna macho wala mdomo. Negativu nimeitupia kwenye kopo la makosa.

Kila mtu nimemtengea nakala yake, na Bwana Onyango seti nzima. Karatasi imekwisha kabisa. Duka la hapa halina, na Kampala wanasema hawana.

Karatasi ya mwisho nimemfanyia Sebi, kubwa, nimeiweka dirishani. Kofia, vifungo, bendera. Watu wanasimama kutazama. Acha watazame.

Jumanne, 1 Machi

Bwana Onyango ameondoka na mabati yake na kuku wawili. Ndivyo Sebi anavyosema. Stesheni haina masta. Treni ya abiria iliyokuwa inakuja mara tatu kwa wiki sasa ni mara moja, ikipenda. Wakati mwingine inakuja na kichwa na behewa moja tu. Sebi anavuta wenzo kwa treni isiyokuwa na mtu ndani. Anacheka anapoeleza, lakini namjua, hacheki.

Jumatano, 20 Aprili

Sebi yuko Arua. Wamepewa likizo kwa sababu hakuna kazi. Amelala siku mbili mfululizo nyumbani kwake, mkewe Zubeda analalamika kwamba ameolewa na gunia.

Sokoni wanasema mabehewa mawili ya sukari yaliyokuwa yanakwenda kambini hayakufika Pakwach. Yamepotelea njiani. Mabehewa! Si sindano. Wanasema jeshi linamtafuta stesheni masta. Tukacheka, maana masta yuko kwao anakula samaki.

Ijumaa, 22 Aprili

Baada ya swala alisimama mwanamume dirishani. Suruali iliyopanuka chini, miwani nyeusi. Akaitazama picha ya Sebi muda mrefu. Nikadhani anataka kupigwa picha vilevile. Nikatoka nje kama muuza mandazi.

Akauliza, "Hii mutu iko nani?"

Nikasema ni ndugu yangu, tumbo moja. Nikasema anafanya kazi ya reli Pakwach.

"Sasa iko wapi?"

Nikamwelekeza. Nyumba ya tatu nyuma ya msikiti, yenye mlango wa kijani. Mlango wa kijani nilitaja mimi, kwa hiari yangu, nikitabasamu.

Akaichukua picha dirishani, hakuomba, akaitia kwapani. Ndipo nikaanza kuogopa.

Nilikimbia. Gari lilinipita kabla sijafika msikitini.

Jumamosi, 23 Aprili

Wamemchukua Sebi. Alikuwa anakunywa chai. Kikombe kipo palepale mezani, Zubeda hataki kiguswe.

Mimi ndiye niliyewaelekeza. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatatu, 25 Aprili

Kambini. Nilisimama getini tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Binamu yetu Khamis ni sajenti humo, babu zetu walikuja pamoja kutoka Sudan na bunduki begani, na siku zote watu wanatuambia sisi ndio wenye serikali, maana Rais ni wa kwetu. Khamis alitoka, hakunitazama machoni. Akanivuta pembeni ya ukuta.

"Dada, Sebi iko hai. Lakini kapteni nasema yeye ndio masta. Picha iko juu ya meza."

Nikamwambia koti ni la kuazima, watu kumi na mmoja wamelivaa.

"Mimi najua. Mimi pia nilivaa koti yako siku ya harusi. Lakini kapteni hapana jua. Leta hizo zingine, aone na macho."

Basi ni hivyo. Kapteni akiona wengine ndani ya koti lilelile ataelewa. Nimepeleka ujumbe Pakwach kwa dereva wa basi waniletee nakala zao.

Jumanne, 26 Aprili

Dereva amerudi mikono mitupu. Waliposikia habari za Sebi, wote wamechoma picha zao. Wote. Siwalaumu. Nawalaumu.

Nakala za Bwana Onyango ziko Kenya. Zimebaki negativu zangu, na sina hata kipande cha karatasi cha kuzisafishia.

Jumatano, 27 Aprili

Koboko. Nimekwenda na lori la mihogo. Mama Keji, mkimbizi kutoka Sudan anayeuza vitu vya Kongo pale sokoni, alikuwa na pakiti moja ya karatasi ya picha, chini ya sabuni. Hajui hata ni ya kazi gani, alidhani ni ya kufungia nyama. Tulikumbatiana kama mapacha. Msalaba wake ulinichoma shingoni. Akaniambia ataniombea kwa Mungu wake, nami nimwombe wangu, mmoja wao atakuwa nyumbani.

Kurudi, kizuizi cha barabarani. Askari akaitoa pakiti kwenye kikapu changu.

"Hii iko nini?"

Karatasi, nikasema. Usiifungue, mwanangu, ikiona jua inakufa.

"Karatasi nakufa?"

Akawaita wenzake waje wamsikie mama huyu. Kadiri nilivyomsihi ndivyo alivyozidi kuamini nimeficha kitu. Akaifungua ile karatasi nyeusi ya ndani, katikati ya barabara, jua la saa saba. Akaitazama ya juu, nyeupe. Ya pili, nyeupe. Akazitandaza kama karata. Hakukuta kitu. Akanirudishia zote, akasema pole.

Alisema pole kweli. Hilo ndilo linalonikera zaidi.

Alhamisi, 28 Aprili

Nimejifungia chumba cha giza tangu asubuhi. Nimejaribu moja moja. Inaingia kwenye dawa, inageuka nyeusi tii. Nyeusi. Nyeusi. Nikalia ndani ya trei, sasa nacheka nikikumbuka, machozi ndani ya dawa.

Zile za katikati, zilizobaki zimegandana, zimepona. Nne. Kingo zimeungua lakini katikati ni safi.

Watu kumi, karatasi nne. Nimechagua watatu: mpaka mafuta, mtia makaa, na mzee anayewasha taa za ishara. Nimewachagua kwa sababu hawafanani kabisa. Mmoja mfupi, mmoja mrefu, mmoja ana mvi. Koti lilelile, kifungo cha pili kikining'inia kwa uzi kwa wote watatu. Hata kipofu ataona.

Karatasi ya nne nimeificha. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 29 Aprili

Nilionana na kapteni. Ni yuleyule wa miwani. Ofisi safi, ua la plastiki. Picha ya Sebi mezani, imewekewa kikombe juu.

Nikazipanga tatu kandokando yake. Nikamwonyesha kifungo. Nikamweleza desturi yetu ya kuazima koti. Nilisema vizuri, sikutetemeka. Khamis alisimama mlangoni kama mlango wenyewe.

Kapteni aliinama akatazama. Akahesabu kwa kidole. Akacheka, si cheko baya, cheko la mtu aliyefurahishwa.

"Kumbe masta iko wanne."

Nikasema hapana, bwana mkubwa, hakuna hata mmoja. Masta alikwenda kwao.

"Alienda, sawa. Lakini kofia alipatia hawa. Mutu nakupatia kofia yake, nakupatia kazi yake. Majina yao?"

Nikasema siwajui. Nimewapiga picha kumi na mmoja, nimekula ugali nao, nikasema siwajui. Akavua miwani. Macho yake ni ya kawaida tu, yamechoka.

"Wewe nakuja kusaidia ndugu yako. Majina tatu, yeye natoka."

Naandika hili polepole. Mfupi ana mapacha. Mrefu ni mtoto wa pekee wa mama yake. Mzee ni mzee. Na Sebi ni Sebi, nilimbeba mgongoni mpaka akafikisha miaka minne.

Nikasema, "Siwajui."

Akazikusanya picha zote nne, akaziweka kwenye droo. Nikatolewa nje.

Zubeda aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia bado wanachunguza. Sikumwambia lile la majina. Sitamwambia.

Jumamosi, 30 Aprili

Nimetuma neno Pakwach. Waondoke.

Jumatatu, 2 Mei

Khamis alipita studioni akajifanya anatazama fremu. Amesema Sebi hayupo tena kambini. Alipelekwa Jumamosi. Wapi? Hajui. Na nani? Hajui. Alikuwa anatembea mwenyewe? Akasema ndiyo, haraka mno.

Jumapili, 22 Mei

Nimekwenda kila mahali. Hospitali. Gereza. Misheni ya Ombaci, padri akanipa maji na kiti, hakuwa na kingine. Nimerudi kambini mara tano, na mara ya tano mlinzi akaniita kwa jina na kuniuliza habari za nyumbani.

Watatu wale wamevuka kwenda Kongo. Wako salama. Nilidhani habari hiyo ingenifariji. Nimekaa nayo siku nzima, nina hasira nao kwa kuwa hai. Aibu kubwa, lakini ndivyo ninavyohisi.

Alhamisi, 16 Juni

Treni haikuja wiki hii, dereva wa basi anasema. Wala iliyopita. Nyasi zimeanza kuota kwenye wenzo.

Jumamosi, 9 Julai

Zubeda amekuja asubuhi na mtoto. Amekonda. Hakukaa.

Akasema, "Wifi, mimi nataka picha yake. Mtoto nasahau."

Nikamwambia nina negativu ile nzuri, ya kofia. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Ile hapana. Ile iko mutu mwingine."

Nikatafuta. Masanduku yote, miaka yote. Sebi wa harusi, koti la studio. Sebi wa Idi, koti la studio. Sebi alipopata kazi, koti la studio, na pini zangu mgongoni. Nimempiga picha maisha yake yote, na hakuna hata moja ambayo amevaa nguo yake mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka kopo la makosa.

Nimeisafisha kwa ile karatasi ya nne. Kingo zimeungua, nyeusi pande zote. Katikati fulana iliyotoboka. Uso haupo, ni ukungu mweupe ulioelekea kwangu. Lakini mikono ilikuwa imeshika wenzo, haikutikisika. Kila mshipa unaonekana. Hata kovu la kisu cha muwa, jeraha nililomfunga mimi kwa kitambaa.

Zubeda aliitazama muda mrefu. Akamwonyesha mtoto, mtoto akaweka kidole juu ya kovu. Hakuna aliyelia. Nikamuuliza Zubeda kama angependa niiweke dirishani siku mbili tatu kabla hajaichukua. Nimeuliza kwa mazoea, Mungu anisamehe.

Akaikunja ndani ya kanga yake, wakaondoka.

Mchana alikuja bwana harusi kutoka Adumi, akauliza koti liko wapi. Nikamwambia apigwe picha kama alivyo. Amekataa. Nimempa.